Jina Lililotangulia Mtoto

Labiba alianza kuitwa Mama Mitri siku aliyoolewa, kabla hajavua hata viatu vya harusi. Mama mkwe wake, Mama Jiris, alimngoja mlangoni na donge la unga uliotiwa chachu, akamwekea kiganjani ili alibandike juu ya mlango kama ifanyavyo kila bibi harusi. "Bandika kwa nguvu, Mama Mitri," alimwambia. Labiba alibandika, donge likashika, wanawake wakapiga vigelegele, na kuanzia hapo jina lake la ubatizo likaanza kushika vumbi.

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu Beit Sahur, jirani na Bethlehemu, mwana wa kwanza huwa na jina kabla ya kuwa na mwili. Huitwa kwa jina la baba wa baba yake, na baba wa Jiris, mume wa Labiba, alikuwa Mitri, mchongaji wa magamba ya chaza, mtu mpole aliyekunywa kahawa bila sukari maisha yake yote. Jiris mwenyewe aliitwa Baba Mitri tangu darasa la sita, sauti yake ikiwa bado ya kike. Ndivyo tulivyo. Tunamwita mtu aliye njiani, kisha tunamngoja kama tunavyoingoja mvua ya kwanza, kwa manung'uniko lakini bila shaka.

Mitri hakuja. Mwaka wa kwanza watu walilitazama tumbo la Labiba kwa adabu, wa tatu kwa maswali, na kufikia wa saba walikuwa wamejifunza kutazama pembeni. Alifanya yote yanayofanywa. Alikwenda Bethlehemu kwenye pango la maziwa, ambako wanawake huombea watoto, akachukua ule unga mweupe wa mwambani, wakaukoroga na kuunywa siku arobaini, yeye na mumewe, wakikunja nyuso kama watoto wanaonyweshwa dawa. Walikwenda kwa madaktari Yerusalemu. Wakampima Labiba wakasema hana kasoro. Wakampima Jiris wakasema naye hana.

"Sasa kasoro ni ya nani?" Jiris aliuliza, na daktari akafungua mikono yake mitupu.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema jirani yao Mama Shukri, mwanamke asiyejua kunyamaza hata akiwa na mkate mdomoni. Lakini tumbo la Labiba halikuumia. Lilikaa kimya tu, na huo ukimya ndio uliomtesa.

Jina halikuondoka. Mwoka mikate alimwita Mama Mitri, muuza gesi alimwita Mama Mitri, na mumewe pia, hata wakiwa wawili tu. Wako wanawake kwetu ambao, miaka ikishapita, watu huwahurumia na kuwaita mama wa asiyekuwapo. Labiba hakufikishwa huko, maana Mitri alikuwa amemganda. Mama yake mzazi alipokufa, hakubaki mtu wa kumwita Labiba, na jina hilo likabaki kwenye kitambulisho.

Sasa niseme jambo ambalo hakumwambia mtu, hata kwenye maungamo. Mitri alikuwa akikua. Hakuwa mzimu, wala Labiba hakuwa na wazimu. Alijua vizuri sana kwamba chumba ni kitupu. Lakini ukiitwa mama wa fulani mara thelathini kwa siku, huyo fulani huota miguu. Alipotimiza miaka saba, Mitri aling'oka meno ya mbele. Alipotimiza kumi na miwili alichukia dengu. Alipofika kumi na sita aliota masharubu membamba ya kuchekesha, na mama yake akacheka peke yake jikoni hadi Jiris akachungulia kuuliza kuna nini. Sasa alikuwa na ishirini na minne, Labiba akiwa na arobaini na sita, na mama alikuwa akimtafutia mchumba moyoni, bila kumpata msichana wa kumtosha.

Alimwona zaidi saa nne asubuhi, jua la baridi likiingia katika karakana yao ya kuchongea sanamu za Noeli kwa dirisha la mashariki na vumbi la mbao za mzeituni likisimama hewani kana kwamba limesahau kuanguka. Hapo ndipo Mitri aliposimama, kando ya rundo la mbao, nywele zake zimejaa vumbi hilohilo. Hakusema neno. Labiba naye hakusema, aliendelea kupiga msasa, na saa moja nzima ilipita kwa utulivu ambao wenye watoto wa kelele hawaujui.

Karakana ilikuwa ya mume na mke. Jiris alipasua magogo kwa msumeno wa umeme na kutoa umbo la kwanza. Nyuso zilikuwa kazi ya Labiba, kwa patasi ndogo iliyokwisha makali na kunolewa tena hadi ikabaki nusu. Wachungaji, ng'ombe, punda, Yusufu mwenye mashaka, Mariamu. Mtoto huchongwa mwisho, kwa kipande cha mbao kilichokatwa wakati wa kuchonga vazi la mama yake, maana mafundi wetu hupenda hao wawili watoke kwenye mti mmoja. Mahujaji hawalijui hilo. Wananunua, wanafunga kwenye magazeti, wanakwenda.

Kanisani Labiba alikuwa msomaji. Mzee aliyekuwa akisoma alipofifia macho, Padri Butros alitafuta sauti isiyo na haraka, akaipata kwake. Adhuhuri ya kuamkia Noeli yetu sisi Waorthodoksi, tarehe sita Januari, husomwa unabii wa kale, mmoja baada ya mwingine: Mika, anayeutaja Bethlehemu kwa sifa (na sisi huguna kidogo, maana wachungaji walikuwa wa kwetu), Danieli na lile jiwe lililokatika bila mkono wa mtu, na mwisho Isaya mbele ya mfalme Ahazi. Huo wa mwisho ulikuwa wa Labiba. Aliusoma miaka kumi na tisa, na kufikia wa tano alikuwa hahitaji tena kutazama kitabu.

Ahazi amezingirwa na wafalme wawili, hana usingizi. Mungu anamwambia aombe ishara yoyote, juu mbinguni au chini kuzimu, naye anajifanya mcha Mungu, anasema hathubutu kumjaribu Bwana. Basi Mungu anatoa ishara bila kuombwa: bikira atapata mimba, atazaa mwana, na jina atakalompa ni Imanueli.

"Oneni ajabu yake," Padri Butros alisema kila mwaka, akigusa kwa kidole ile picha takatifu ya Mariamu mwenye mtoto ndani ya duara kifuani. "Mfalme anataka jeshi, Mungu anampa mimba. Tena si ya malkia! Ya msichana tu, bikira, ambaye hata bibi yake hajazaliwa. Jina la mtoto limefika kabla ya mama wa mtoto!"

Mwalimu Hilmi, aliyefundisha hesabu na kupenda kubisha, alimngoja uani. "Lakini Baba, Ahazi alitaka msaada wa siku zile. Mtoto wa miaka mia saba baadaye angemfaa nini?"

"Mwalimu, una mizeituni mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Aliyeipanda aliila?"

"Babu yangu? Kidogo."

"Basi. Isaya alitikisa tawi, zeituni za wakati wake zikaanguka, Ahazi akaona kwamba Mungu hajamtupa. Sisi tunasema mti ulikuwa haujamaliza. Ulikuwa unamngoja Mariamu."

Labiba hakubishana na yeyote. Yeye alivutwa na Isaya mwenyewe. Mtu huyu alimzungumzia mtoto kama mtu aliyembeba asubuhi ile. Mahali pengine anasema kabisa kwamba mtoto amekwisha kuzaliwa kwa ajili yetu, wakati Nazareti hata kisima hakijachimbwa.

"Alikuwa naye nyumbani," alimwambia Jiris siku moja wakila.

"Nani?"

"Isaya. Alikuwa na mtoto nyumbani ambaye wengine hawamwoni."

Jiris akamsogezea bakuli la zeituni.

Mwezi Agosti, siku ya kubariki zabibu, Fuad mdogo wake Jiris alishuka kutoka ghorofa ya juu na mkewe Rula, na nyuma yao Mama Jiris akiwa amevaa gauni la kanisani ingawa kanisa lilikwisha asubuhi. Labiba alijua mara moja. Rula alikuwa na mabinti wawili, na safari hii daktari alikuwa amesema ni mvulana.

Wakala zabibu. Wakasifu zabibu. Fuad akakohoa.

"Sema wewe, Mama," alisema.

"Mna midomo ya nini?" Mama Jiris akafoka, kisha akageuka, na sauti ikalainika. "Mama Mitri, binti yangu. Mzee wangu ana miaka ishirini kaburini, na hajapata wa kulibeba jina lake."

Kwetu mtoto wa mdogo mtu halichukui jina la babu wakati kaka mkubwa bado anangoja. Kulichukua ni kumwambia kaka kwamba mlango umefungwa. Kwa hiyo huombwa, na aliyeombwa ana haki ya kukataa.

"Nina miaka arobaini na sita," Labiba alisema. "Elisabeti alikuwa na mingapi?"

"Elisabeti alikuwa na malaika, mwanangu. Wewe una sisi."

Fuad alitaka kucheka, akajizuia. Labiba alikuwa akitazama kichala mkononi mwake.

"Mkilichukua, mimi mtaniita nani?"

Rula aliweka mkono juu ya tumbo lake, akautoa haraka kama aliyeshikwa akiiba.

"Jina ni la mwanangu," Labiba akasema. "Sina jingine la kumpa." Akainuka kwenda kuosha zabibu zilizokuwa zimeshaoshwa.

Walipokwisha kupanda juu, alimkuta Jiris amekaa kwenye ngazi ya karakana. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi? Mimi wataniita Baba Mitri hata mtoto akiitwa Napoleoni. Wale wa kahawani hawabadilishi hata kiti." Akachora kitu mavumbini kwa kidole cha mguu. "Lakini likiondoka litaniuma. Sitasema uongo."

Wakaheshimu neno lake, na hilo Labiba aliwashukuru. Rula alisema basi mtoto ataitwa Imanueli, ni jina la nabii, hakuna wa kulalamika. Mama Jiris alilalamika. Alisema ni jina la muuza viatu.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Novemba, siku ya ukungu mzito hata kengele ya kanisa ilisikika kama inalia chini ya maji. Labiba alipika ule uji mzito wa unga wa mchele na viungo wanaopikiwa wageni mtoto anapozaliwa, akaukoroga saa nzima bila kupumzisha mkono, kwa sababu hakuna mwingine pale nyumbani aliyeweza kuupika bila madonge. Alipeleka bakuli ishirini na mbili juu, zimepambwa kwa jozi na lozi. Lakini alipoambiwa ampakate mtoto, alisema mikono yake ina vumbi. Siku ya pili akasema ina gundi. Wiki ya tatu Rula aliacha kumwambia. Na kwa kuwa hakuna aliyelipenda lile jina la Imanueli kiasi cha kulitumia, mtoto aliitwa "yule." Yule amelala? Yule amenyonya?

Labiba, chini karakanani, alisikia kila neno kupitia dari. Mitri wake alisimama kando ya mbao, naye alikuwa akisikiliza.

Ikafika tarehe sita Januari. Kanisa lilijaa, makoti yakitoa mvuke wa mvua, mishumaa ikizungukwa na vumbi la dhahabu. Mika alisomwa. Danieli alisomwa. Labiba akasimama mahali pake, akafungua kitabu asichokihitaji, akaanza. Sauti yake ilikwenda taratibu kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani bila kugusa kiti. Ahazi akaogopa. Ahazi akakataa kuomba. Katika safu ya pili, kwenye mapaja ya Rula, yule mtoto akatoa sauti ndogo, si kilio, ni kama mtu aliyekumbuka jambo.

"...atazaa mwana," Labiba alisoma, "na jina atakalompa ni Mitri."

Akaendelea na siagi na asali atakazokula mtoto huyo, maneno matatu mbele, ndipo aliposikia kimya. Si kimya cha ibada. Padri Butros alikuwa ametoa kichwa kwenye mlango wa madhabahu. Mtu akakohoa. Mama Shukri akajiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika.

"Imanueli," Labiba akasema. "Jina lake ni Imanueli." Akamaliza usomaji kwa sauti ambayo hakuijua, akafunga kitabu.

Uani walimngoja, na watu wetu ni wema lakini hawana breki.

"Hongera, Mama Mitri! Umemzaa kwa kinywa cha nabii!"

"Kwa hiyo Ahazi ni ndugu yetu sasa?" Mwalimu Hilmi akauliza. "Kuna shamba la kurithi?"

"Mwacheni," Mama Shukri akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na huyu kajikwaa mbele ya Isaya mzima!"

Labiba alicheka nao hadi kwenye kona ya mwoka mikate. Baada ya kona alilia. Alilia kwa aibu, kisha kwa hasira, na alipofika karakanani na kukaa kwenye kigoda akiwa bado na koti la kanisani, alilia kwa kitu kingine kabisa, kwa sababu alikuwa ameelewa ulimi wake ulikotoka. Miaka yote alilisoma jina la Imanueli huku akimwona Mitri wake mrefu mwenye vumbi kichwani. Siku hiyo, ile sauti ndogo ilipotoka safu ya pili, hakumwona. Jina lilikuwa limemtoka lenyewe, likaenda kule sauti ilikokuwa.

Alimkasirikia Isaya siku nzima. Alimkasirikia kama anavyokasirikiwa jirani. Huyu mzee alikuwa na mtoto nyumbani, alimngoja, alizeeka naye, akafa hajamgusa. Halafu mtoto akaja kwa tumbo la msichana wa Nazareti ambaye Isaya hakumjua hata kwa jina. Na sisi kila mwaka tunafurahi! Hakuna anayeuliza nabii aliumia vipi. Angekuwapo siku ile, angesimama mlangoni pa zizi aseme, ondokeni, huyu ni wangu, mimi ndiye niliyemtaja kwanza? Labiba alijaribu kumwona akisema hivyo. Alimwona mlangoni vizuri kabisa, ndevu zimelowa, viatu vina matope ya shamba la wachungaji. Mzee alichungulia ndani. Akavua joho lake akaziba nalo upenyo wa ukutani uliokuwa ukiingiza upepo.

Noeli ikapita na wageni wake na vikombe vyake. Alhamisi Rula alishuka ngazi na mtoto, akamlaza juu ya meza ya kazi katikati ya maranda, kwenye joto la jua.

"Walikucheka, dada?"

"Kidogo."

"Mimi sikucheka."

"Najua."

"Anabatizwa Jumapili. Nataka wewe uwe mama yake wa ubatizo."

"Mwambie dada yako."

"Dada yangu atamwangusha majini. Anaogopa hata kuosha paka." Rula akatabasamu, kisha akaacha. "Padri atakuuliza jina, utasema Imanueli. Lile jingine sitakuomba tena, nakuapia. Nilikuona siku ile ya zabibu, nikajuta. Lakini nataka ashikwe na wewe."

Mtoto alikuwa amekamata kipande cha maranda na kukivuta kuelekea mdomoni. Labiba alinyoosha mkono kukitoa, na mkono ukabaki pale, umeshikwa na vidole vitano. Akamwinua. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na moto, na ananukia mafuta ya zeituni shingoni. Mtu mzima wa Labiba, yule wa miaka ishirini na minne, hakuwahi kuwa na harufu. Hilo lilimchoma, na hakuweza kumwambia Rula kwa nini anatikisa kichwa na huku anakubali.

Jumapili asubuhi aliingia karakanani peke yake. Jua lilikuwa limetoka baada ya siku mbili za mvua, na vumbi likainuka na kusimama. Mitri alikuwa pale kando ya mbao, amenyoa, amevaa kama wa kwenda kanisani.

Labiba hakuwahi kusema naye kwa sauti. Sasa alisema. Alimwambia habari za zabibu, za uji, za ulimi wake mbele ya watu, ingawa yote aliyajua. Kisha akasema lile alilokuwa amelijia.

"Wewe ni mkubwa, mwanangu. Unaweza kukaa bila kuitwa. Yeye hawezi."

Kijana hakukasirika, hakuwahi kuwa mtu wa hasira. Wingu dogo likapita juani, vumbi likazimika, na liliporudi kuwaka, kando ya mbao palikuwa na mbao tu. Labiba alikaa akipatazama mahali pale hadi Jiris alipomwita kwamba watachelewa.

Kanisani maji ya ubatizo yalikuwa yamepashwa moto, na mvuke ulipanda hadi kwenye miguu ya malaika waliochorwa. Mabinti wawili wa Rula walining'inia ukingoni wakigombania kuona. Fuad alikuwa na tai iliyomkaba. Mama Jiris alikuwa ameletewa kiti, akakikataa. Labiba alimshika mtoto akiwa uchi ndani ya taulo, na moyo wa mtoto ulimpiga mkononi haraka haraka.

Padri Butros alipaka mafuta kidole chake. "Jina lake nani?"

"Mitri," Labiba akasema.

Padri akasita. Akamtazama Fuad, Fuad akamtazama kaka yake, na Jiris akatazama sakafu, taya zikimcheza. Rula alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama," Padri akasema polepole, kwa upole wa mtu aliyekuwepo siku ya Isaya, "hapa si kusoma. Likishatoka hapa halirudi. Sema tena, mbele ya Mungu na watu."

"Halijanitoka kwa bahati mbaya, Baba," Labiba alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ileile ya miaka kumi na tisa, isiyo na haraka. "Mitri. Mwana wa Fuad."

Basi mtumishi wa Mungu Mitri akazamishwa mara tatu, akapiga kelele mara tatu, na Mama Jiris, mwenye miaka themanini na mmoja, akapiga kigelegele kirefu ambacho mwisho wake kilikatika kikawa kilio. Jiris alitoka nje kidogo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akaanza kumlaumu mtu kuhusu moshi wa mishumaa.

Wakamfuta mtoto, wakampaka mafuta matakatifu, wakamvisha nguo nyeupe iliyomzidi ukubwa. Labiba alimzungusha mara tatu kuzunguka maji huku watu wakiimba, na mikono yake ilikuwa imekwisha kujua uzito wake, imejipanga yenyewe, kiwiko hapa, kiganja hapo. Zilipokwisha nyimbo, mtoto aliendelea kulia, sasa si kwa maji bali kwa njaa. Wanawake wakawazunguka.

"Ana njaa huyo," Mama Jiris akasema. "Mpe Mama Mitri amnyonyeshe."

Labiba hakusogea. Alisimama kama mtu aliyeitwa anavyosimama, akingoja kuambiwa anachotakiwa kufanya. Wanawake wote walielewa kabla yake. Hata Mama Shukri alinyamaza. Mama Jiris alijishika kifua akitaka kuyarudisha maneno, na Rula, maziwa yakiwa yamelowesha blauzi yake, aliweka mikono nyuma na hakuthubutu kuinyoosha.

Mtoto akalia zaidi, akitafuta kwa mdomo kwenye koti la Labiba mahali pasipokuwa na kitu.

Ndipo Labiba alipopiga hatua mbili, akamlaza juu ya mikono ya Rula, akaushika mkono wake mmoja na kuuweka panapostahili.

"Mshike kichwa vizuri," alimwambia, "Mama Mitri."